Phalodi: Soko Linaloipangia Bei Kura ya India

Phalodi ni mji ulio pembezoni mwa jangwa la Thar, katika jimbo la Rajasthan, na Wahindi wanaujua kwa mambo mawili. La kwanza ni joto. Tarehe 19 Mei 2016 vipimo vya hali ya hewa mjini hapo vilifika nyuzi 51, rekodi ya nchi nzima. La pili ni kamari. Kila jimbo linapokaribia kuchagua bunge lake, magazeti na runinga kuanzia Delhi hadi Patna huuliza Phalodi wanasemaje, yaani wapokea dau wa mji huo wamekipa kila chama bei gani.

Biashara yenyewe ni haramu. Haina leseni, haina risiti wala kibao mlangoni, na polisi wakiamua kufanya msako hutoka na simu, kompyuta na watu wachache ambao baada ya muda mfupi wanarudi kazini. Hata hivyo bei zake zinatangazwa mchana kweupe, chama kwa chama na kiti kwa kiti, kama vile zimetoka ofisi ya takwimu ya serikali. Sijui biashara nyingine ya magendo inayopewa matangazo ya bure kiasi hiki.

Vyombo vya habari vinaiendea Phalodi kama mtu anayekwenda kupigiwa ramli. Ukiikagua kwa jicho la biashara utaona duka tu, lenye muuzaji, mteja, mkopo, deni na faida ya katikati. Bei ya duka inakuambia fedha za wateja zimeelekea wapi. Nani atashinda ni swali lingine, na hesabu za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba majibu ya maswali hayo mawili hutofautiana mara nyingi kuliko wanavyokiri wanaoinukuu Phalodi.

Bidhaa ya soko hili haiadimiki. India ina majimbo 28, na kila jimbo lina bunge lake. Maeneo matatu yaliyo chini ya serikali kuu, Delhi, Puducherry na Jammu na Kashmir, nayo yana mabunge. Muhula ni miaka mitano na kalenda hazifanani, kwa hiyo haupiti mwaka bila uchaguzi wa jimbo. Mwaka 2023 yalipiga kura majimbo tisa. Mwaka 2025 ilikuwa Delhi mwezi Februari, kisha Bihar mwezi Novemba. Kriketi ndiyo inayowalisha wapokea dau siku kwa siku, hasa msimu wa ligi ya IPL, lakini uchaguzi wa jimbo una faida ambayo mechi haina: unachukua wiki kadhaa, na kila siku ya kampeni inaleta sababu mpya ya kubadilisha bei.

Kwa nini mji mdogo wa jangwani? Jibu liko katika historia ya wafanyabiashara wa Kimarwari, waliotoka nchi kavu ya Rajasthan wakaenda kuweka maduka na nyumba za fedha Calcutta, Bombay na kwingineko. Mtu aliyekulia mahali ambapo mvua ni mali hujifunza mapema kuikisia, na kutoka kuikisia hadi kuiwekea dau si mbali. Huko Burrabazar, mtaa wa biashara wa Calcutta, watu walikuwa wakiweka fedha kwamba mvua itanyesha kiasi cha kufurika kwenye mfereji wa paa fulani kabla ya saa fulani. Mchezo huo ulishamiri hadi serikali ya kikoloni ya Bengal ikautungia sheria yake peke yake mwaka 1897.

Bombay nayo ilikuwa na pamba. Bei za kufungua na kufunga soko la pamba la New York ziliingia mjini kwa teleprinta, na watu wakaziwekea dau tarakimu zake za mwisho bila kumiliki hata robota moja la pamba. Mwaka 1961 utaratibu huo ulipokatika, wapokea dau hawakufunga kazi. Kalyanji Bhagat alianzisha mchezo wake wa namba mtaa wa Worli mwaka 1962, na Ratan Khatri akafuata na wake mwaka 1964, namba zikichotwa kutoka kwenye chungu. Somo la kiuchumi la enzi hiyo ni kwamba soko la dau halihitaji mali yoyote nyuma yake. Linachohitaji ni jambo ambalo matokeo yake yatatangazwa hadharani, kwa saa inayojulikana, na mtu ambaye mpokea dau hawezi kumhonga. Tume ya Uchaguzi ya India inatimiza masharti hayo yote.

Sasa tuingie dukani.

Anayebeti Dar es Salaam au Nairobi amezoea odi ya 1.40, ambapo shilingi 100 ikishinda inarudi 140. Phalodi hawataji mtaji wako, wanataja faida peke yake, na wanaitaja kwa paisa, ambazo 100 hufanya rupia moja. Chama kikiwa na bei ya paisa 40, rupia yako ikishinda inakuletea paisa 40 juu. Ndiyo ile 1.40 yako. Kwa hiyo bei ikiwa ndogo, chama kina nguvu, na mgeni wa soko hili karibu kila mara huanza kwa kuisoma kinyume. Paisa 40 maana yake soko linakipa chama nafasi ya takribani asilimia 71 ya kushinda. Paisa 25 ni asilimia 80. Rupia kwa rupia ni nusu kwa nusu, na kinachozidi rupia moja ni chama kinachochechemea.

Bei hizo huja mbili mbili. Tuseme chama tawala cha jimbo fulani kiko 40 kwa 45. Mteja wa kwanza anaamini kitashinda, anaweka rupia 10,000 kwa bei ya 40. Mteja wa pili anaamini kitaanguka, naye anakubali bei ya 45: chama kikishinda atalipa rupia 4,500, kikianguka atapokea 10,000. Chama kikishinda, mpokea dau anachukua 4,500 kwa mteja wa pili, anamlipa wa kwanza 4,000, anabaki na 500. Kikianguka, anachukua 10,000 za wa kwanza na kumkabidhi wa pili, hapati wala hapotezi. Yeye mwenyewe hana haja ya kujua lolote kuhusu siasa za jimbo hilo. Haja yake ni wateja wa pande zote mbili, wenye imani kali na wanaolipa.

Kuna pia dau la viti, ambalo ndilo linalopendwa na magazeti. Phalodi wakisema chama kina viti 110 kwa 112, anayesema "ndiyo" ananunua 112 na anayesema "hapana" anauza 110. Matokeo yakiwa 112 au zaidi, wa kwanza ameshinda. Yakiwa chini ya 110, wa pili ameshinda. Yakiangukia 110 au 111, wote wawili wameliwa na mpokea dau anashukuru Mungu. Mwanzoni mwa kampeni pengo huwa pana, na linabanwa kadiri siku ya kura inavyokaribia na fedha zinavyoongezeka.

Inatokea kwamba fedha zote zinakimbilia upande mmoja. Mpokea dau ana njia mbili. Anaweza kubana bei ya upande uliojaa ili kuwakatisha tamaa wateja wapya, au anaupitisha mzigo kwa mkubwa wake Jaipur, Delhi au Mumbai, naye akibaki na kamisheni. Njia zote mbili zinasogeza bei. Bei inapotoka 60 kwenda 40, mwandishi wa siasa anaripoti kwamba upepo umegeuka mashambani. Huenda umegeuka. Huenda pia mfanyabiashara mmoja mwenye mapenzi na chama chake ameweka fedha nyingi jana usiku, na mpokea dau anajihami. Katika soko lenye leseni ungeomba kuona kiasi kilichouzwa siku hiyo. Hapa hakuna mkaguzi wa hesabu, na mabilioni ya rupia yanayotajwa magazetini kila msimu hayana daftari lolote la kuyathibitisha.

Mikopo ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Kwa kawaida mteja hatoi fedha mkononi anapoweka dau, hesabu hufanywa baada ya matokeo. Na sheria haimsaidii yeyote kudai, kwa sababu kifungu cha 30 cha Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 kinasema makubaliano ya dau ni batili na hakuna kesi ya kudai kilichoshindaniwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya nchi ililitazama jambo hilo katika shauri la Gherulal Parakh, lililohusu watu walioungana ubia wa kubashiri bei ya ngano katika soko la Hapur. Majaji walisema mkataba wa dau ni batili lakini si lazima uwe kinyume cha sheria. Dau, kwa tafsiri hiyo, ni deni ambalo serikali haitakusaidia kulikusanya.

Ndiyo maana biashara inasimama juu ya jina. Mteja mpya huletwa na mteja wa zamani, na aliyemleta anabeba lawama mgeni akitoroka. Dau huwekwa kwa simu na mazungumzo hurekodiwa. Rekodi hiyo ndiyo risiti pekee. Katika picha za misako ambazo polisi huzionyesha kwa waandishi wa habari utaona mara nyingi sanduku la mkononi lililopangwa simu nyingi ndani yake, nyaya zimeunganishwa, ili mtu mmoja ataje bei mara moja na wateja wa miji mbalimbali waisikie kwa pamoja. Malipo ya mbali hupita kwa hawala, utaratibu ambao msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Muscat hahitaji kufundishwa.

Msimu mnono wa biashara hii haumo katika kampeni. Umo katika siku zinazofuata baada ya watu kupiga kura, kabla kura hazijahesabiwa. Uchaguzi wa India mara nyingi hufanyika kwa awamu, mashine za kupigia kura hufungwa kwa lakiri na kuwekwa chini ya ulinzi, na hesabu hufanywa siku moja. Mwaka 2023 wananchi wa Chhattisgarh walipiga kura tarehe 7 na 17 Novemba. Wa Rajasthan walipiga tarehe 25, wa Telangana tarehe 30. Hesabu ikawa tarehe 3 Desemba. Kwa siku 16 jibu la Chhattisgarh lilikuwapo tayari, limefungiwa ndani ya mashine, na hakuna aliyeweza kulichungulia. Mfanyabiashara wa dau hawezi kutamani hali bora kuliko hiyo.

Sheria yenyewe inamsaidia bila kukusudia. Kifungu cha 126A cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi kinakataza kutangaza kura za mlangoni, yaani makadirio yanayotokana na kuwahoji watu wanaotoka kituoni, hadi kura ya mwisho ya awamu zote ipigwe. Lengo ni jema, kwamba mpigakura wa Telangana asishawishiwe na makadirio ya Chhattisgarh. Lakini pengo hilo la habari lazima lijazwe na kitu, na bei ya Phalodi inajipenyeza. Mwaka 2017 Tume ya Uchaguzi iliwaonya wahariri kwamba hata utabiri wa wanajimu na wapiga karata katika kipindi kilichokatazwa ni kuvunja sheria. Bei za wapokea dau zimeendelea kuchapishwa, zikiambatana na sentensi moja ya kujikinga kwamba kamari ni kosa na gazeti haliungi mkono.

Basi soko hili linajua nini? Tuangalie majibu.

Rajasthan 2023 Phalodi walikipa chama cha BJP nafasi ya kushinda, na kilishinda: viti 115 kati ya 199 vilivyopigiwa kura siku hiyo, mpinzani wake Congress 69. Wengi waliwapigia makofi. Lakini ni nyumbani kwao, na katika jimbo hilo vyama viwili vimekuwa vikipokezana madaraka kila uchaguzi tangu 1998. Aliyekuwa na kalenda tu angepatia.

Chhattisgarh, siku hiyo hiyo, hesabu ikageuka. Kura za mlangoni zilikuwa upande wa Congress, na soko la dau nalo lilikuwa huko huko. BJP ikapata viti 54 kati ya 90, Congress 35. Walioshika bei ya paisa chache kwa Congress, wakidhani wamenunua fedha ya uhakika, waliamka Jumatatu wakiwa na madeni.

Haryana ndiyo iliyowaumiza zaidi. Kura ilipigwa tarehe 5 Oktoba 2024 na jioni hiyo hiyo makadirio ya mlangoni, karibu yote kwa sauti moja, yakaipa Congress ushindi. Phalodi walikuwa wamekaa upande huo. Asubuhi ya tarehe 8 kura za mwanzo ziliiweka Congress mbele, wafuasi wakaanza kucheza ngoma na kugawana vitamutamu makao makuu ya chama Delhi. Kabla ya adhuhuri meza ilikuwa imepinduka. BJP viti 48, Congress 37. Ukitazama kura zenyewe, vyama hivyo viliachana kwa chini ya asilimia moja, kila kimoja kikiwa na takribani asilimia 40. Chini ya asilimia moja ya kura ikazaa tofauti ya viti 11, kwa sababu kila kiti kinakwenda kwa aliyeongoza tu, hata kama ameongoza kwa kura mia. Mpokea dau anayesema viti 55 au 57 anaikisia hesabu ambayo upepo mdogo unaivuruga kabisa.

Bihar mwezi Novemba 2025 soko na kura za mlangoni vilikubaliana kwamba muungano tawala wa NDA ungerudi, na ulirudi. Ila ulirudi na viti 202 kati ya 243, juu sana ya makadirio mengi. Aliyeweka dau la mshindi alikula kidogo, kwa kuwa bei ilikuwa ndogo. Aliyeuza viti kwa "hapana" aliumia.

Ukizipanga kesi hizo pamoja unaona soko linapatia pale kura za mlangoni zinapopatia na linaanguka pale zinapoanguka. Si ajabu. Wateja wake wanatazama runinga zile zile, na baada ya makadirio kutangazwa hakuna mpokea dau mwenye akili atakayebaki na bei ya jana. Na tusiwacheke watu wa Phalodi peke yao. Tarehe 3 Juni 2024, baada ya kura za mlangoni kumtabiria Waziri Mkuu Narendra Modi wa BJP ushindi mkubwa wa kitaifa, soko la hisa la Mumbai lilipaa. Kesho yake, BJP ilipoambulia viti 240 na kukosa wingi wa peke yake, faharasa ya Nifty ikashuka karibu asilimia 6 kwa siku moja. Wale walikuwa mameneja wa mifuko ya uwekezaji, wenye leseni na tai shingoni.

Upande wa pili wa hoja una watetezi wenye elimu, na nchi ya kuutazama ni Australia, ambako dau juu ya bunge la jimbo ni biashara halali. Kampuni nyingi za huko zina leseni ya Northern Territory. Centrebet, iliyoanzia Alice Springs, mji mwingine wa jangwani, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza odi za siasa kupitia intaneti. Wachumi Justin Wolfers na Andrew Leigh waliuchambua uchaguzi wa kitaifa wa 2001 wakahitimisha kwamba vyombo vya habari vingewafaa wasomaji zaidi kwa kuripoti odi kuliko kura za maoni. Hoja yao ina uzito: anayeweka fedha yake ana sababu ya kufikiri, anayejibu swali la simu hana.

Kisha likaja jimbo la Queensland. Mwaka 2012 chama cha LNP kilizoa viti 78 kati ya 89, Labor ikabaki na saba, idadi inayoenea ndani ya basi dogo. Tarehe 31 Januari 2015 kampuni za kubashiri ziliingia siku ya kura zikiwa na uhakika kwamba LNP itarudi. Waziri Kiongozi Campbell Newman alipoteza hata kiti chake cha Ashgrove, na Annastacia Palaszczuk wa Labor akaunda serikali. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa kitaifa, Sportsbet iliwalipa waliobetia Labor zaidi ya dola milioni moja za Australia siku mbili kabla ya kura. Labor ikashindwa. Andrew Leigh, yule mchumi, wakati huo alikuwa mbunge wa Labor. Malipo yale ya mapema yaliandikwa kila kona ya dunia, na ninashuku idara ya masoko haikulia sana. Kwa kampuni inayoishi kwa mbio za farasi na kandanda, siasa ni njia rahisi ya kupata ukurasa wa mbele.

Tofauti ya Australia ni kwamba hasara inaonekana. Kampuni inajulikana, aliyelipwa ana akaunti, na mwaka ukiisha kuna hesabu. India inajaribu kuidhibiti biashara hii kwa kuikataza, na njia hiyo imezaa kitu kikubwa kuliko Phalodi.

Mahadev ulikuwa mtandao wa kubeti ulioanzishwa na watu wa Bhilai, mji wa chuma huko Chhattisgarh, ukiendeshwa kutoka Falme za Kiarabu. Kwa maelezo ya Kurugenzi ya Utekelezaji, idara ya serikali kuu inayofuatilia utakatishaji wa fedha, uliuza matawi yake yaliyoitwa paneli: mwenye tawi anatafuta wateja na kukusanya fedha, faida inagawanywa asilimia 70 kwa 30 na makao makuu. Ni mfumo ambao wakala yeyote wa huduma za fedha mtaani kwetu angeuelewa mara moja. Hakuna dalali wa mji wa jangwani wala jina la ukoo. Kuna namba ya WhatsApp, akaunti za benki za watu wengine, na ofisi ng'ambo ya bahari.

Tarehe 3 Novemba 2023, siku nne kabla ya awamu ya kwanza ya kura Chhattisgarh, kurugenzi hiyo ilitoa taarifa ikidai kwamba mbeba fedha aliyekamatwa alisema takribani rupia bilioni 5 zilikuwa zimelipwa na waendeshaji wa Mahadev kwa Waziri Kiongozi Bhupesh Baghel wa Congress. Baghel alikanusha akisema ni hila za serikali kuu wakati wa uchaguzi. Tarehe 5 Novemba serikali kuu ikafungia programu na tovuti 22, Mahadev ikiwemo. Baghel akapoteza serikali mwezi uliofuata. Kwa hiyo katika jimbo lile lile ambalo wapokea dau walikisia vibaya, biashara ya dau yenyewe ilikuwa hoja ya kampeni. Hilo halimo katika bei yoyote.

Sheria nazo ziko vipande vipande. Katiba inayaachia majimbo mamlaka juu ya kamari. Sheria ya Kamari ya Umma ya 1867, ya enzi za Mwingereza, inamtoza mwenye nyumba ya kamari faini isiyozidi rupia 200 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Rupia 200 leo hainunui chakula cha watu wawili katika hoteli ya kawaida. Mwaka 2018 Tume ya Sheria ya India ilipendekeza kwamba kama kubeti hakuwezi kuzuiwa, kudhibitiwe na kutozwa kodi. Serikali ilianza kuelekea huko: kuanzia Oktoba 2023 ilitoza asilimia 28 juu ya fedha zinazoingizwa kwenye michezo ya mtandaoni. Kisha mwezi Agosti 2025 ikageuza njia na kupitisha sheria inayopiga marufuku michezo yote ya fedha mtandaoni, adhabu hadi miaka mitatu jela na faini ya hadi rupia milioni 10. Probo, programu ambayo watu walinunua "ndiyo" na "hapana" juu ya matukio ya habari kwa rupia chache, ikafunga huduma hiyo mara moja.

Miezi mitatu baadaye Bihar ilipiga kura, na bei za Phalodi zilichapishwa kama kawaida. Sheria mpya ilizikuta kampuni zenye anwani, wakurugenzi na namba ya mlipakodi. Phalodi haikuwa na programu ya kufungiwa. Serikali imeondoa washindani waliokuwa wakilipa kodi na kuliacha duka la simu lisilolipa chochote. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kiuchumi hata kwa mtu anayeichukia kamari, na wabunge waliopiga kura ya sauti mwezi Agosti wanapaswa kuulizwa rupia zilizokuwa zikiingia hazina sasa zinaingia mfuko wa nani.

Jina la Phalodi lenyewe limekuwa chapa isiyo na mwenyewe. Tovuti na akaunti nyingi zinatoa "bei za Phalodi" kila saa, na kwa kuwa wauzaji halisi hawawezi kwenda mahakamani kulilinda jina la biashara haramu, yeyote mwenye simu anaweza kubuni bei na kuitia jina hilo. Wapambe wa vyama wanalijua hilo vizuri. Kulisogeza soko halisi kunataka fedha, ila kusogeza picha ya jedwali kwenye WhatsApp kunataka dakika tano.

Kwa hiyo msomaji utakayekutana na bei hizo uchaguzi wa jimbo ujao, tafuta kwanza tarehe na saa yake. Iliyotoka kabla ya kura za mlangoni inakueleza wateja wa dau wanatamani nini. Iliyotoka baada ya jioni ile ni makadirio uliyokwisha kuyaona kwenye runinga, yamewekewa paisa.